Nani kaona nini leo?

Nimesoma makala ya uongozi; mwandishi anasema kiongozi hupata matokeo kwa kuisikiliza timu. Sawa, ila amepita haraka pale penye kazi: unamsikiaje mtu anayeogopa kunyimwa kazi safari ijayo? Nimekuwa mgumu, yaani mpagazi, Kilimanjaro miaka kadhaa. Safari moja ya njia ya Machame kiongozi wetu alikuwa mkali, kila kitu anajua yeye. Mwenzangu akaona mgeni anayumba kama mlevi, akanyamaza. Usiku tukahangaika kumshusha kwa machela.

Baadaye nikafanya kazi na kiongozi mwingine, mzee mmoja wa Marangu. Kila jioni anakuja hema la jikoni, anakula ugali wetu, anauliza, "Nani kaona nini leo?" Mpishi ndiye humwambia sahani ya nani imerudi na chakula, maana huko juu kukosa hamu ya kula ni dalili mojawapo ya ugonjwa wa mwinuko. Mizigo ilipimwa mbele yetu, mwisho kilo 20, hata mzigo wa mpwa wake (hapo kwenye ndugu ndipo viongozi wengi hushindwa). Tipu, yaani bakshishi ya wageni, aligawa hadharani. Akinipigia simu hata masika, nilikwenda.