Mahogani ya Shemeji

Mnunuzi wa gitaa aliuliza swali moja tu kwenye simu: "Bodi yake ni ya mti gani?" Shemeji yangu, aliyelipiga gitaa hilo la umeme miaka nenda miaka rudi bila kujali limetengenezwa kwa nini, akajibu bila kupepesa: "Mahogani." Kijana akafurahi. Akasema mahogani ndiyo anayoitafuta, atakuja Jumamosi ajionee mwenyewe. Shemeji akakata simu, akanigeukia.

"Shem, hivi mahogani inakaaje?"

Niliulizwa mimi kwa sababu nina lensi. Ni kilensi cha kukunja, cha kukuza mara 10, nilichokuwa nacho kwa ajili ya kuangalia stempu, na tangu nionekane nacho nimegeuzwa mtaalamu wa kila kitu kidogo: mwiba kidoleni, risiti iliyofutika, chawa. Sasa mbao.

Gitaa lilikuwa jeusi ti mbele na mbavuni. Mgongoni lilipakwa vanishi ya kahawia inayoonyesha mistari ya mbao, na shemeji alishikilia hapo hapo. Kwake yeye kila kitu cha kahawia ni mahogani. Kabati la dada yangu, ambalo ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, nalo ni mahogani. Dada ameshachoka kubisha.

Akaanza na kipimo chake. Akaliinua gitaa hadi sikioni, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akafumba macho. "Isikie hiyo. Mahogani hiyo." Nikagonga meza. Ikalia vile vile. Nikagonga mlango, tofauti haikuwa kubwa. "Basi na mlango ni mahogani," akasema, na sidhani kama alikuwa anatania. Bodi iliyovishwa rangi ngumu, ikajazwa nyaya na springi, ikafunikwa plastiki pana kifuani, ukiigonga unasikia vyote hivyo kwa mpigo. Mti wenyewe ni wa mwisho kusema.

Nikamwonyesha mbavu. Mbao nzima ina sura mbili. Ubapani unaona mistari mirefu. Ukifika kwenye ncha, pale msumeno ulipoukatisha mti, mistari inakwisha na unakutana na vitundu na pete za ukuaji. Kwa hiyo kwenye gitaa la mbao nzima, mistari ya mgongoni ikizunguka kona lazima ibadilike sura. Kwenye la shemeji ilifika ukingoni ikamezwa na rangi nyeusi. Mimi mtu akipaka rangi nzito mahali pale pale ambapo ningetazama, naanza kumshuku.

"Wamepaka kwa urembo," akasema shemeji.

Nikamweleza kwamba mgongo ule unaweza kuwa ganda jembamba la mbao nzuri lililobandikwa juu ya mbao nyingine, au hata picha. Picha? Ndiyo, picha: miaka ya 1990 kulikuwa na magitaa ya Fender, kampuni ya Marekani, yaliyotengenezwa Japani yakiwa na picha ya mbao ya mapambo juu ya mbao isiyo na mapambo yoyote. Shemeji akasimama, akazunguka chumba, akarudi kukaa.

"Halafu nani kasema lazima iwe mahogani?" nikaendelea, maana nikishaanza huwa siachi. Sifa ya mahogani kwenye magitaa ya umeme imekuzwa sana na Les Paul, gitaa la kampuni ya Gibson lililotoka mwaka 1952: mahogani chini, kipande cha mti wa mepo juu. Fender wao walianza na mti wa eshi, na kuanzia 1956 wakahamia zaidi kwenye alda, kwa kuwa eshi ina vitundu vikubwa ambavyo lazima vijazwe kabla ya kupaka rangi na alda haina usumbufu huo. Magitaa ya bei nafuu yakaja na baswudi, popla, agathisi, na paulonia nyepesi ajabu. Shemeji alinisikiliza kwa heshima zote hadi nikamaliza. Kisha akauliza:

"Kwa hiyo katika hizo, mahogani ni ipi?"

Tukalifungua. Kwa kawaida jibu liko ndani: kwenye tundu la shingo, kwenye shimo la nyaya, chini ya pikapu, zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, mahali ambapo kiwanda mara nyingi hakijisumbui kupaka rangi. Kiwanda hiki kilijisumbua. Mashimo yote yalikuwa yamepakwa ile rangi nyeusi ya kuzuia mvumo wa umeme, na tundu la shingo lilikuwa na stika na namba za penseli juu ya rangi nene. Shemeji akafungua kifuniko cha nyuma tuone palipokaa springi. Springi moja ikafyatuka, ikapita karibu na sikio langu, ikaingia chini ya kabati la mahogani. Iko huko mpaka leo.

Hapo nikakumbuka vifungo vya mkanda. Nikafungua kile cha chini, nikazungusha ncha ya keekee kwa mkono ndani ya tundu la skrubu, nikaukinga unga wake kwa karatasi nyeupe. Ulitoka unga wa rangi ya krimu, umefifia. Unga wa mahogani una wekundu wa kahawia. Huu haukuwa hata na dalili. Nikamsogezea shemeji karatasi. Akautazama kwa makini.

"Mahogani changa," akasema. "Bado haijaiva."

Wazo la maji lilikuwa la kwake, ingawa kwenye kumbukumbu za familia limesajiliwa kwa jina langu. Nilichosema mimi ni kwamba kila mbao ina uzito wake kwa ujazo. Mahogani ya Amerika iliyokauka ni karibu kilo 590 kwa mita ya ujazo, eshi inakaribia 670, alda karibu 450, baswudi karibu 415. Nikasema pia, na dada ni shahidi, kwamba hizo ni wastani tu, miti ya aina moja hutofautiana, na namba peke yake haimpi mtu jibu. Shemeji alisikia neno "kilo", akaenda kuleta mizani.

Bodi tupu ikawa kilo 2.4. Na ujazo? Ina pembe mbili, ina kiuno, ina mashimo. Hakuna rula ya kupima kitu hicho. Shemeji hakubakiwa na chochote kutoka kwenye fizikia ya shule isipokuwa Archimedes, yule wa kupima ujazo kwa maji yanayomwagika. Akapaza sauti: "Beseni!"

Tukaivisha bodi mfuko mkubwa wa nailoni, tukafunga mdomo wake kwa kamba. Tukajaza maji beseni la dada la kufulia mpaka ukingoni, tukalitia ndani ya karai kubwa zaidi ili kukinga yatakayomwagika. Kwamba mbao inaelea tulijua. Kwamba inaelea kwa ubishi ule, hapana. Ukikandamiza pembe hii, ile inachomoza. Ukiishika ile, kitako kinapanda. Shemeji akapiga magoti, akailalia kwa kifua, shati lote likaloa, akawa anaisemesha kwa meno yaliyokazwa: "Shuka. Shuka, nasema." Ikashuka. Tukaiwekea jiwe juu isije ikabadili mawazo. Maji yaliyomwagikia kwenye karai tukayapima kwa jagi: lita 4.

Kilo 2.4 kwa lita 4 ni 0.6, yaani kilo 600 kwa mita ya ujazo. Nilipoiona hiyo namba nikajua nimekwisha.

"Mia sita!" Shemeji alikuwa amesimama. "Na mahogani ulisema ngapi?"

"Mia tano na tisini, lakini humo kwenye mfuko kuna hewa, na shati lako limekunywa maji, na jiwe..."

"Mia sita kasoro kumi!"

Simu ilikuwa tayari sikioni. Akamwambia kijana kwamba imepimwa kisayansi, kuna mtaalamu hapa wa lensi. Mimi nikamfuata nyuma nikimsihi afute hilo neno "mtaalamu". Tukabishana hadi nje, tukaachana kila mtu na hamaki yake. Mimi nikajua bodi ataitoa majini yeye. Yeye akajua nimeitoa mimi.

Asubuhi dada akapiga simu. Hakunisalimia.

"Njoo uchukue kitabu chenu."

Kifungo cha mkanda cha juu, ambacho hatukukifungua, kilikuwa kimetoboa mfuko. Maji yaliingia taratibu usiku kucha kupitia kila tundu la skrubu. Bodi ilivimba, rangi ikapasuka kwenye tundu la shingo, na ndani yake mbao ikawa imefunguka kurasa kurasa: ganda moja mistari yake inakwenda kwa urefu, la chini yake inakatisha, linalofuata kwa urefu tena. Plaiwudi. Nikapitisha ukucha kati ya ganda na ganda, ukazama hadi kwenye nyama ya kidole. Gundi ilikuwa imelegea, inanata. Na maganda yenyewe si ya mti mmoja. Nilitoa lensi, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze nikaona mbao isiyo na rangi ya kiwandani: moja ina ukijani kwa mbali, nyingine krimu tupu, nyingine ina uwaridi. Kijana aliuliza ni mti gani. Ilibidi aseme kwanza anauliza ukurasa gani.

Shemeji alifika akiwa na shati kavu. Akatazama kimya, muda mrefu.

"Lakini zote ni mbao," akasema.

Dada ndiye aliyemwita mzee mmoja seremala. Nadhani alitaka shahidi. Mzee hata hakuitaka lensi yangu. Alilibandua ganda la mgongoni, lile la kahawia, ambalo unene wake haukufika milimita moja, akalifuta kwenye suruali, akalielekeza kwenye mwanga, akainusa ncha yake. Akakata kipande kwa wembe, akakilowesha kwa mate.

"Wanangu, hii si picha."

Akatuonyesha kwa ukucha: vistari vifupi vya giza vimetawanyika kote, ambavyo ni vitundu vya mti vilivyopasuliwa kwa urefu. Kwa lensi niliona hata utomvu uliogandia ndani yake, mwekundu unaokaribia weusi. Nilikuwa nimeutazama mgongo huo kwa saa nzima kupitia vanishi ile na sikuona lolote kati ya hayo.

"Mkangazi huu," akasema mzee. "Au ndugu yake."

"Mkangazi ndio nini, mzee?"

"Mahogani ya Kiafrika."

Sijapata kuona mtu akishangilia namna ile mbele ya maiti. Shemeji alimkumbatia mzee, alinikumbatia mimi, alimfuata dada jikoni akamwambia alisema, si alisema?

Jumamosi kijana akaja. Dada alimpeleka moja kwa moja uani, ambako bodi ilikuwa inakaushwa, maganda yake yamebanwa kwa vibanio vya nguo. Kijana akainama. Akaanza kuhesabu maganda kwa kidole, akafika katikati akaacha.

"Uliniambia mahogani."

"Hii hapa," shemeji akamwonyesha ganda la nje. "Mzee amethibitisha."

"Na hizi nyingine?"

"Hizo zinaishikilia."

Nikaona nimsaidie ndugu yangu. Nikamwambia kijana kwamba hata Red Special, lile gitaa la Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, aliloanza kulitengeneza na baba yake mwaka 1963, shingo yake ilichongwa kutoka kwenye mahogani ya zamani ya mahali pa kuotea moto, lakini bodi ni mwaloni na blokibodi, yaani vipande vya mbao vilivyogundishwa pamoja, iliyofunikwa ganda la mahogani, na dunia nzima imelisikia. Kijana akanisikiliza vizuri tu. Akauliza kama la Brian May nalo lililazwa kwenye beseni.

Alichukua shingo na pikapu, ambavyo vilikuwa vikavu kabatini, na akavilipia bila kulalamika. Bodi tukampa bure, akaikataa.

Shemeji hakukubali itupwe. Ameitangaza kwenye simu: bodi ya gitaa, mahogani ya Kiafrika, uzito umethibitishwa kwa maji. Mtu mmoja ameshampigia. Anataka kujua kwa nini kwenye picha ina vibanio vya nguo.