Andika kabla hujafungua kitabu

Juzi rafiki yangu alinipigia simu akihema. Kamwona kigogota adimu, yule ambaye sisi wapenda ndege tumemtafuta miaka nenda miaka rudi. Nilifurahi naye kwa dhati. Kisha nikamuuliza: kisogo chake kilikuwa rangi gani?

"Ngoja niangalie kitabuni."

Jibu hilo limeniuma tangu siku ile, na leo nalisema. Kitabu hakikuwepo chini ya ule mti. Macho yako ndiyo yaliyokuwepo. Ukishaitazama picha ya kitabuni, ile rangi nyekundu ya kishungi inahamia kichwani mwako na kumvaa ndege uliyemwona, na hakuna nguvu itakayomvua tena. Nalijua hilo kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilimwona kigogota nisiyemfahamu, nikakimbilia kitabu kwanza. Mpaka leo nakumbuka ndege wawili, mmoja ana mgongo wenye mistari, mwingine ana madoa, na sijui yupi nilimwona kweli. Sikumwandika popote.

Waulize Wamarekani kuhusu kigogota wao mwenye mdomo wa rangi ya pembe, Campephilus principalis. Aprili 1944, mchoraji Don Eckelberry alikwenda Louisiana, kwenye msitu wa Singer Tract uliokuwa unakatwa, akamkuta jike mmoja aliyebaki peke yake. Akakaa, akamtazama, akamchora. Huko ndiko kuonekana kwa mwisho ambako hakuna anayekubishia. Sasa linganisha na video iliyopigwa jimbo la Arkansas mwaka 2004, iliyodaiwa kumwonyesha ndege huyo: sekunde chache, ukungu mtupu. Mwaka 2005 jarida la Science likatoa makala kwamba ndege yu hai; 2006 wataalamu wengine wakajibu humo humo kwamba yule ni Dryocopus pileatus, kigogota wa kawaida kabisa. Ugomvi wote ulikuwa juu ya weupe wa bawa. Wa mdomo wa pembe ana weupe ukingo wa nyuma wa bawa, juu na chini, na akitua ule weupe unafunika sehemu ya chini ya mgongo. Mwenzake weupe wake mkubwa uko chini ya bawa, upande wa mbele, na akitua mgongo ni mweusi. Jambo moja tu, na watu wazima wameshindana juu yake miaka yote hii. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilipendekeza huyo wa mdomo wa pembe atangazwe kuwa ametoweka. 2023 ikawaondoa viumbe 21 kwenye orodha ya walio hatarini, yeye ikamwacha bila uamuzi.

Picha zinasaidia, sikatai. Hata ya simu, hata yenye ukungu, piga. Rekodi na sauti pia, maana mdundo wa kigogota unaweza kumtambulisha kuliko manyoya: vigogota wengi wa jamii ya Campephilus, ukoo wa yule wa mdomo wa pembe, hugonga mara mbili za haraka, ko-ko, basi. Lakini picha hudanganya. Kivuli hugeuza kahawia kuwa nyeusi, na wapo ndege wa kawaida wanaozaliwa na manyoya meupe mahali pasipostahili.

Kwa hiyo daftari kwanza, penseli mkononi, ndege akiwa bado mtini ikiwezekana. Mdomo: rangi, na urefu ukilinganisha na kichwa. Wekundu unaanzia wapi, unaishia wapi. Mstari wa shavuni upo? Mgongo ni mtupu, una mistari au madoa? Mwanga ulitoka upande gani, ulikuwa mbali kiasi gani, saa ngapi. Mchore, hata kama hujui kuchora. Na zaidi ya yote andika usichokiona. "Sikuona kisogo" ni sentensi yenye heshima kubwa. Ndiyo inayonifanya niamini zile nyingine zote ulizoandika.

(Na ukikuta tundu lenye makinda, usilitangaze mahali lilipo. Hilo halina mjadala.)

Nilimpigia rafiki yangu tena. Sikumwambia amekosea, kwa sababu huenda hakukosea. Nilimwomba arudi kwenye ule mti, na akarudi, asubuhi tatu mfululizo. Ya tatu ndege alikuja. Jioni akanitumia picha ya ukurasa wa daftari, umechafuka kwa udongo, mchoro umepinda. Mistari sita. Wa mwisho unasema: mgongo, sikuuona vizuri.

Kesho tunakwenda wote wawili.