Jenerali Asiyetiiwa Hata na Gundi

Mimi ni jenerali. Msianze kucheka. Nina askari wa miguu, nina wapanda farasi, nina mizinga, na nina mpiga ngoma mmoja aliyepoteza kidevu katika ajali ya tupa. Jeshi zima linalala kwenye maboksi ya viatu, na kila boksi nimeliandika jina la batalioni, mtu asije akatafuta viatu vya kutokea akakutana na walinzi wa Napoleon.

Sasa mtu akisikia jenerali anadhani huyu bwana anaamuru. Ananyoosha kidole, watu wanakwenda kufa kilimani. Nani kakudanganya? Katika mchezo huu wa vita vya mezani, wa vijisanamu vya askari na dadu, sijaona kitu kinachopokea amri yangu. Gundi haitii. Brashi haitii. Dadu ndiyo kabisa, hiyo ina kisasi na mimi tangu sijazaliwa. Na humu ndani kwangu cheo changu kinachotambulika ni kimoja tu: yule anayejaza meza.

Shemeji yangu kila akija huisimamia batalioni iliyoko juu ya kabati, akatikisa kichwa. "Shemeji, mtu mzima wewe, na vidoli?"

Vidoli! Nikamkalisha chini. Nikamwambia, sikiliza, mwaka 1812 huko Prussia, ufalme wa Wajerumani, Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea mfalme Friedrich Wilhelm III meza nzima ya mchezo wa vita, ina droo za kuwekea vipande vyake. Mfalme hakumwambia aondoe vidoli vyake. Mtoto wa Reisswitz, ambaye alikuwa ofisa jeshini, akaziboresha zile sheria, na mwaka 1824 mnadhimu mkuu wa jeshi, Jenerali von Müffling, alipouona mchezo ukichezwa akasema huu si mchezo, haya ni mafunzo ya vita. "Umesikia, shemeji? Mafunzo ya vita!"

Shemeji akafikiri kidogo. "Sawa. Sasa wewe unajiandaa kumpiga nani?"

Tuendelee. Hakuna jeshi linalokuja zima. Askari wanafika wamebanwa kwenye fremu za plastiki, kichwa huku, mguu kule, bunduki imeshikwa na mkono wa mtu mwingine. Unavikata kimoja kimoja. Kila kipande kina mshono, ule ukingo mwembamba unaobaki pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na lazima uukwangue kwa wembe. Huo mshono una hila. Plastiki ikiwa tupu, huuoni. Ukipuliza praima, ile rangi ya kutangulia, huuoni. Unapaka rangi zote, unamaliza, unamsimamisha askari mezani kwa fahari, ndipo anakuja mgeni ambaye hata mchezo wenyewe haujui: "Huyu mbona ana kovu kutoka sikioni mpaka kiatuni?"

Wa plastiki angalau wana gundi yao, inayeyusha kidogo pande mbili zikashikana. Wale wa madini wanataka supagluu, na supagluu nimeisoma historia yake nikaelewa kila kitu. Mwaka 1942, vita vya dunia vimepamba moto, Harry Coover na wenzake walikuwa wanatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Wakapata kitu kinachong'ang'ania kila kinachokigusa, wakakiacha kwa sababu hakifanyiki kazi. Kikaja kuuzwa kama gundi mwaka 1958. Kinang'ang'ania kila kitu! Sasa mkono wa sajini wangu mbona hakiutaki? Jibu lenyewe linauma: gundi hii hukamatishwa na unyevu, na ngozi ya binadamu ina unyevu kuliko madini. Yaani kati ya sajini, mkono wake na kidole changu, sayansi iko upande wa kidole. Unamshikilia, unahesabu, unasema sasa ameshika. Unaachia. Mkono unadondoka chini, na sajini umebaki naye wewe.

Halafu kuna rangi, ambapo ndoa hupimwa. Kipimo cha askari kinachopendwa ni milimita 28. Ukiuliza ni 28 kutoka wapi hadi wapi, vuta kiti. Wako wanaopima kutoka unyayo hadi utosi, na wako wanaoapa kwamba unapima kutoka unyayo hadi machoni, kwa sababu kofia zinadanganya. Kwa ugomvi huo mimi nina vikosi viwili vya milimita 28 kutoka kwa watengenezaji wawili, na kimoja kinakifikia kingine kifuani. Nikiwapanga mstari mmoja utadhani ni siku ya wazazi shuleni.

Na hayo macho, jamani. Jicho la mtu wa milimita 28 ni dogo kuliko nukta ya mwisho wa sentensi hii, nalo linatakiwa lipate weupe na mboni. Unazuia pumzi mpaka unaona nyota. La kulia likikaa vizuri, la kushoto linatazama dari. Kikosi changu cha kwanza chote kina sura ya watu waliopewa taarifa za msiba wakiwa wamesimama. Wenye akili zao hupaka kivuli tu pale chini ya kofia wakaendelea na maisha, lakini sisi wengine tuna kiburi.

Wajuzi wakaniambia tatizo si mkono, tatizo ni brashi, tafuta ya kolinsky. Kolinsky nani? Kumbe ni mnyama, jamii ya kicheche, anaishi huko Siberia, na brashi inatengenezwa kwa nywele za mkia wake. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini wahenga hawakuwahi kupaka jicho. Nikainunua. Ncha yake inaishia mahali ambapo macho yangu yameshaacha kuona. Nikaisuuza, nikaichonga ncha kwa midomo, nikaisimamisha kwenye gilasi yake. Mtoto wa mwisho akaichukua akapakia gundi kazi ya shule. "Baba, ile brashi yako ilikuwa na nywele chache sana, imekaa vibaya." Kicheche wa watu kafa bure.

Habari ya vikombe viwili, kimoja cha kunywa na kingine cha kusuuzia brashi, siisemi. Kila mpakaji anaijua ladha yake.

Ukisema sasa nimemaliza, anakuja Vifungo. Ndilo jina tulilompa. Yeye kucheza anacheza kidogo, kazi yake ni ukaguzi. Anainama juu ya batalioni na lenzi yake, kimya, halafu anaguna mguno mmoja mrefu. "Umejitahidi. Sema tu rejimenti hii mwaka 1815 haikuwa na vifungo vya njano."

"Ilikuwa na vya nini?"

"Vyeupe."

Ndugu yangu, kifungo chenyewe nimekigusa na brashi nikakimbia! Nikimwambia ukisimama hatua tatu hakionekani, ananijibu kwamba historia haitazamwi kutoka hatua tatu.

Ila huyu Vifungo alinisimulia kisa kimoja nikamsamehe nusu. Mwaka 1830 ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza, William Siborne, aliagizwa kutengeneza mfano wa uwanja wa Waterloo, pale Napoleon alipopigwa mara ya mwisho. Mimi ningeweka kilima, nikapanga askari, nikarudi nyumbani mapema. Yeye akahamia palepale uwanjani miezi 8 anapima ardhi. Kisha akawaandikia barua maofisa waliopigana pale: kikosi chako kilikuwa wapi ilipofika saa moja jioni, adui kajipangaje mbele yako, na shambani kulikuwa na mazao gani. Mazao! Mtu tarehe 18 Juni 1815 alikuwa anakwepa mizinga, leo anaulizwa alikuwa amekanyaga nini. Na watu wakajibu, barua kwa mamia. Serikali ikachoka kutoa fedha, Siborne akakopa akaendelea. Mwaka 1838 kazi ikaonyeshwa London, askari zaidi ya 70,000, kila mmoja urefu wake kama milimita 10. Na Duke wa Wellington, mshindi mwenyewe, hakupendezwa, kwa sababu ukiutazama ule mfano Waprussia, washirika wake, walikuwa wengi mno pale, ushindi ukaonekana wa kuchangia. Siborne wa watu akabaki na madeni.

Nikampelekea mama watoto kisa hiki chote, ili aone kwamba mimi nina nafuu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Na mke wake alikuwa anakaa meza gani?"

Nikamrudishia Vifungo swali hilo. Mtu anayejua rangi ya kola ya kila rejimenti ya Ulaya akaanza kutafuta funguo zake.

Vita vyenyewe sasa. Mchezo wa kawaida unataka meza ya futi 6 kwa 4. Nani ana meza ya futi 6 kwa 4 isiyo na kazi? Kwetu vita hutangaziwa kusitishwa mapigano kabla havijaanza: "Saa kumi na mbili nataka meza yangu." Napoleon hakuambiwa hivyo. Kupanga milima na miti kunakula saa, kusimamisha askari bila kuvunja mabayoneti kunakula saa nyingine, na kinachobaki anakichukua Wakili.

Wakili ni rafiki yangu na adui yangu wa kudumu. Sheria hakusomea popote, ila kitabu cha mchezo anakijua mpaka maandishi madogo chini ya picha. Ukisogeza kikosi inchi 6, anatoa tepu yake mwenyewe. "Si kwamba sikuamini, ndugu yangu. Ila umepima kuanzia mbele ya kibao wanachosimamia askari, halafu pale tepu inapoishia umeweka nyuma ya kibao. Hizo inchi za bure unampelekea nani?"

Ukitaka kupiga mzinga ndiyo balaa, maana lazima ithibitike kwamba mzinga unamwona adui. Tunapiga magoti wote wawili, jicho moja tumefumba, shavu juu ya meza, tunachungulia kwa usawa wa mdomo wa mzinga. Magoti yanalia.

"Naona kofia."

"Kofia si mwili."

"Kofia iko juu ya kichwa, kichwa kiko juu ya mwili!"

"Nisomee ukurasa."

Katika hali hiyo mlango ukafunguliwa, shemeji huyo. Akatutazama, mmoja matako huku, mwingine kule. "Mafunzo yanaendeleaje, makamanda?"

Dadu nimeiweka mwisho kwa sababu nikiianza mapema presha inapanda. Dadu ina pande 6, zinazopeana mgongo ukizijumlisha unapata 7, hesabu safi kabisa, haimjui mtu. Hivyo ndivyo inavyojitangaza. Nina kapteni mmoja, kanzu yake nimeipaka rangi ya msingi, nikaishushia kivuli, nikairudishia mwanga kwenye mikunjo, usiku kwa usiku. Wakili akampiga risasi. Kapteni hafi mpaka nipate 1, nafasi moja kati ya 6. Nikatupa. Moja. Kitabu kinasema kapteni ana haki ya kurudia. Nikarudia. Moja. Hiyo ni nafasi moja kati ya 36, na imenikuta mimi, mezani kwangu. Walinzi wake wakatakiwa kupimwa moyo: dadu mbili, jumla isizidi 10, wanabaki. Kati ya matokeo 36 ni matatu tu yanayowafukuza. Ikaja 11. Wanaume wale, mishono ya dhahabu, vifungo vyeupe kama Vifungo alivyotaka, wakageuka wakatoka nje ya meza. Waliobaki wakipigana ni kikosi cha kijivu nilichokipuliza praima tu nikakiacha, hakina hata nyuso.

Wakili ananituliza kwamba dadu haina kumbukumbu. Nakubali, kumbukumbu haina. Chuki inayo. Na siku iliponipa 6 yangu, iliegemea kwenye mti, Wakili akasema imeegemea, tupa tena.

Ndiyo maana namwonea wivu H. G. Wells. Yule mwandishi alichapisha sheria zake za kuchezea askari mwaka 1913, na mizinga yake ilikuwa ya springi, inarusha kijiti kweli kweli. Kijiti kimekugonga, umeanguka, umekufa, mazungumzo yamekwisha. Nikampelekea Wakili pendekezo hilo. Akakuna kidevu. "Sasa aliyegongwa akianguka akamwangusha jirani yake, jirani amekufa kwa kifungu kipi?"

Halafu ukishazimeza sheria zote, toleo jipya hilo. Katika toleo la zamani wapanda farasi walikuwa tishio, nikajikusanyia wapanda farasi. Toleo jipya limewapunguzia mwendo. Waterloo haikubadilika, farasi hawakubadilika, ila wangu sasa wanatembea inchi mbili pungufu kwa sababu mtu fulani ofisini kaona hivyo.

Juzi Wakili amekuja na dawa ya yote: tuhamie kwenye milimita 6. Askari wa milimita 6 hana jicho la kukutoa roho, na vifungo vyake hata lenzi haivioni, kwa hiyo tumempumzisha na Vifungo. Unawapaka kwa safu nzima, mfuto mmoja suruali, mfuto mwingine kanzu. Mama watoto alipoonyeshwa kimoja kwenye kiganja, uso ukamng'aa. "Hapa sasa mmefikiri. Vidogo namna hii havitajaza nyumba."

Hatujamfafanulia kwamba kikosi kilichokuwa na watu 24, kwa kipimo hiki uwanja unaonekana mtupu mpaka uweke mia. Nimeshaagiza Waprussia. Wanakuja wengi kuliko Wellington angependa.