Kata simu, halafu? Mzigo wa kuwatambua matapeli wa mafao ubebwe na nani

Onyo ni lile lile karibu kila nchi: ukipigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa anatoka mfuko wa pensheni, bima ya afya au mpango wa ruzuku, kisha akataka hela au namba ya siri, kata simu. Ubishi unaanzia hapo. Wapo wanaosema wananchi wakiwa macho utapeli utakosa soko. Wapo wanaosema kumtwika mstaafu wa miaka 70 kazi ya upelelezi ni kumwonea, kwa kuwa vifaa vya kuzuia wizi huu viko mikononi mwa mitandao ya simu, benki na taasisi zenyewe. Wote wana hoja, na wote kuna mahali wanajidanganya.

Tuisikilize kwanza simu yenyewe, maana wengi wanaoijadili wanadhani ni ya kijinga kuliko ilivyo.

"Shikamoo mzee. Nakupigia kutoka kitengo cha uhakiki. Una malimbikizo ya miezi minne, faili lako lilikwama kwa sababu taarifa hazijahuishwa. Dirisha linafungwa leo saa kumi. Usikate simu, nikusaidie sasa hivi tumalize."

Hakuna neno lililopotea hapo. Shikamoo inaweka heshima, na mtu aliyeamkiwa vizuri huona vibaya kumkatia mwenzake simu. Uhakiki upo kweli, wastaafu wanaujua na wengi wanauogopa, kwani asiyehakikiwa husimamishiwa malipo. Malimbikizo nayo yapo kweli. Saa kumi imewekwa ili usipate nafasi ya kumuuliza mtoto au jirani. "Usikate simu" ndiyo sentensi muhimu kuliko zote, kwa sababu ukikata na kupiga mwenyewe ofisini, mchezo umeisha. Mpigaji akitanguliza jina lako kamili, hilo halithibitishi chochote. Huduma nyingi za pesa kwa simu humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla muamala haujakamilika, kwa hiyo anayeijua namba yako anaweza kulipata jina lako bila kutuma hata senti.

Baada ya hapo njia huwa chache. Ya kwanza ni ada: ya faili, ya kodi, ya "kufungua mfumo". Kiasi cha kwanza ni kidogo makusudi, kisha huzuka kikwazo kingine chenye ada yake, na aliyekwisha kulipa mara mbili huona hasara kuacha njiani. Ya pili ni namba ya uthibitisho. Wakati anaongea nawe, tapeli yuko kwenye ukurasa wa kuingilia akaunti yako na ameshabonyeza kitufe cha kuomba namba. Ujumbe unaoingia kwenye simu yako ni wa kweli kabisa, umetoka benki au kwenye mtandao wako, na ndiyo maana watu huuamini. Ukimsomea, umempa ufunguo.

Ya tatu haizungumzwi vya kutosha: kukufanya ubadilishe kitu kwenye simu yako. Wengine huagiza upakue programu ya kuonyesha skrini yako kwa mtu mwingine. Wengine hukuambia ubonyeze nyota mbili, 21, nyota, namba fulani, kisha alama ya reli, "ili kuunganisha simu yako na mfumo". Kwenye mitandao mingi hiyo ndiyo amri ya kuelekeza simu zako zote zinazoingia ziende kwenye namba nyingine. Kuanzia hapo benki ikipiga kuthibitisha muamala, anapokea yeye. Ukishuku umefanyiwa hivyo, piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwingine, na ##002# kufuta maelekezo yote.

Lipo pia toleo la vitisho. Unaambiwa umelipwa zaidi na unatakiwa kurudisha, au namba yako ya mafao imetumika kwenye uhalifu na "imesimamishwa". Nchini Marekani toleo hili limezoeleka kiasi kwamba Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya huko imelazimika kutangaza mara kwa mara kwamba haisimamishi namba ya mtu, wala haidai malipo kwa kadi za zawadi, sarafu za kidijitali au fedha taslimu zinazotumwa kwa posta.

Basi wanaosisitiza elimu kwa umma wana haki: anayezijua njia hizi ni vigumu kumnasa. Wanapokosea ni pale elimu inapogeuzwa orodha ya dalili. Lafudhi ya ajabu, Kiswahili kibovu, namba isiyojulikana: dalili hizi humnasa tapeli mvivu tu. Namba inayoonekana kwenye kioo huwekwa na anayeipeleka simu, na inaweza kughushiwa. Marekani ilitunga sheria mwaka 2019 kulazimisha kampuni za simu zithibitishe namba kwa saini ya kidijitali, na kampuni kubwa zilipewa hadi tarehe 30 Juni 2021. Imesaidia, lakini saini hiyo hufanya kazi kwenye mitandao inayopitisha sauti kwa mfumo wa intaneti, na inapofanya kazi husema tu kwamba namba ni ya mpigaji kweli. Haisemi kama mpigaji ni mwaminifu. Tapeli aliyenunua laini halali hupita salama.

Kwa ujumbe mfupi hali ni mbaya zaidi. Jina la mtumaji ni maandishi tu, na simu hupanga ujumbe kwa kufuata jina hilo. Mtandao usipolizuia, ujumbe bandia utajipanga chini ya ujumbe halisi wa mfuko wako wa pensheni, kwenye uzi ule ule. Hapo kumlaumu mtu kwa kutokuwa macho ni kumdai aone kisichoonekana. Singapore ililitambua hili na kuanzia Januari 2023 kila taasisi inayotaka kutuma ujumbe kwa jina lake ilipaswa kulisajili, na lisilosajiliwa hubandikwa alama ya kuonya kuwa huenda ni utapeli. Kuanzia Julai 2024 ofisi za serikali ya huko zikaanza kutumia jina moja tu la mtumaji, gov.sg, badala ya kila wizara kuwa na lake. Raia ana jina moja la kukariri.

Dalili zikiondoka, kinachobaki ni kuangalia ombi. Usijiulize "huyu ni nani?", kwa sababu huna namna ya kulijibu hilo ukiwa kwenye simu. Jiulize "anataka nifanye nini?" Kusoma namba ya uthibitisho, kutaja namba ya siri, kulipa ili ulipwe, kubonyeza amri au kupakua programu akiwa hewani: mtumishi halali hana sababu ya kukutaka ufanye lolote kati ya haya. Kigezo hiki hakijali namba wala lafudhi.

Sasa upande ambao waandaaji wa maonyo hupenda kuuruka: ofisi za mafao hupiga simu kweli. Hata ile ya Marekani inakiri kwamba watumishi wake huwapigia walioomba mafao, wanaohitaji kuhuisha taarifa, au waliotaka wapigiwe. Na mtumishi halali akipiga, jambo la kwanza huwa ni kutaka uthibitishe tarehe ya kuzaliwa na tarakimu kadhaa za kitambulisho. Taasisi inayofanya hivyo asubuhi na jioni ikatoa tangazo la "usitoe taarifa zako kwa simu" inawafundisha watu mambo mawili yanayogongana. Kibaya zaidi, anayekata kila simu naye hupoteza. Maombi yake hufungwa kwa maelezo kwamba "mhusika hakupatikana", na mara nyingi ni mtu ambaye fedha hiyo ndiyo chakula chake.

Kwa hiyo kanuni ya kukata ni sahihi, ila ni nusu. Nusu ya pili ni kupiga wewe, na hiyo ina masharti. Kabla ya kukata, uliza jina, kitengo na namba ya faili, uandike. Usitumie namba atakayokupa, na usibonyeze tu namba iliyokupigia. Tafuta iliyochapishwa kwenye kadi yako ya uanachama, barua ya zamani au bango la ofisi. Kwenye intaneti uwe mwangalifu, maana tokeo la kwanza la utafutaji linaweza kuwa tangazo lililolipiwa na tapeli mwenyewe. Kama umepigiwa kwenye simu ya mezani, tumia simu nyingine. Kuna mitandao ambayo laini hubaki wazi kwa muda hadi aliyepiga akate, ukainua mkono wa simu na kumkuta yule yule akijifanya ofisi.

Masharti mengine ni ya taasisi, na hapa ndipo lawama yangu nzito inapoangukia. Simu ya ofisi ipokelewe, na anayepokea aweze kuona kwenye faili kwamba leo saa fulani mtumishi fulani alimpigia mwanachama huyu. Bila rekodi hiyo hawezi kukwambia kama simu ilikuwa ya kweli. Atakuambia "subiri watakupigia tena", na umerudi ulikoanza. Ofisi isiyopokea simu kwa saa nzima inamsukuma mteja kwa anayepokea mlio wa kwanza. Huduma kwa wateja ya tapeli, tukubali, ni nzuri sana.

Nani abebe hasara? Uingereza imejibu kwa ujasiri. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, aliyedanganywa akahamisha fedha kutoka benki kwenda benki ndani ya nchi hurudishiwa hadi pauni 85,000, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Wapinzani walisema watu watazembea. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na kanuni zenyewe zinaikubali kiasi: benki inaweza kukata hadi pauni 100, na inaweza kukataa dai la aliyezembea kupita kiasi, isipokuwa kama alikuwa katika hali ya udhaifu. Lakini kilicho na thamani zaidi, kwa maoni yangu, ni ile nusu ya benki iliyopokea. Kabla ya hapo haikuwa na sababu kubwa ya kuhangaika na akaunti iliyofunguliwa juzi inayopokea fedha za wazee kumi na kuzitoa zote ndani ya saa moja. Sasa akaunti hiyo ni hasara yake. Mfumo huu una mashimo pia: malipo ya kadi, fedha taslimu, kadi za zawadi na fedha zinazotumwa nje ya nchi havimo. Na pale fedha zinapopita kwenye simu na kutolewa kwa wakala dakika chache baadaye, kinachookoa ni kasi kuliko sheria ya fidia.

Hilo linatuleta kwenye kuripoti. Wengi husema ni kupoteza muda kwa sababu fedha hairudi. Wanachanganya kazi mbili. Kuzuia fedha ni kazi ya dakika: mtoa huduma anaweza kulizuia salio likiwa bado limo kwenye akaunti ya mpokeaji, likishatolewa hana cha kuzuia. Kutoa taarifa ni kazi ya siku, na faida yake huenda kwa watakaopigiwa kesho. Wanaoanza na polisi, wakapanga foleni saa mbili, kisha ndipo wapige benki, wamegeuza mpangilio.

Anza na benki au mtandao wako wa pesa. Sema "nimetapeliwa, zuieni muamala", taja kumbukumbu namba ya muamala, kiasi, saa na namba iliyopokea, kisha uombe namba ya malalamiko. Badilisha namba ya siri. Kama ulipakua programu, zima intaneti kwanza, uifute, na utumie simu nyingine kubadilisha nywila. Ndipo uende polisi, na baadaye kwa taasisi iliyoigizwa.

Usifute ujumbe kwa hasira, na piga picha za skrini kabla ya kuizuia namba. Kwa namba za matapeli zenyewe ipo njia fupi isiyo na foleni, ya ujumbe mfupi: Tanzania ni 15040, Kenya wateja wa Safaricom hupeleka ujumbe wa utapeli 333, Uingereza na Marekani ni 7726. Ripoti hata kama hukutoa senti. Namba moja iliyoripotiwa na mtu mmoja ni lalamiko. Ikiripotiwa na watu wengi asubuhi moja, mtandao una sababu ya kuifunga kabla ya mchana.

Jiandae pia kwa simu ya pili. Majina ya waliokwisha kutoa fedha huuzwa, na wiki chache baadaye hupiga "mwanasheria" au "afisa wa makosa ya mtandao" anayeweza kuzirejesha kwa ada ndogo.

Ukiwa unaripoti kwa taasisi iliyoigizwa, andika kila alichokijua mpigaji: namba ya uanachama, tarehe ya malipo ya mwisho, jina la mwajiri wa zamani, kiasi cha madai yaliyokwama. Fomu nyingi huuliza alichokiomba na kusahau alichokijua. Laini aliyotumia itatupwa wiki hii hii. Lakini mpigaji anayeijua namba ya faili ambayo haijawahi kutoka nje ya ofisi anaonyesha kwamba kuna mtu ndani, au mfumo, unaovujisha, na taasisi haiwezi kuligundua hilo kutoka kwa mwananchi aliyekata simu akanyamaza.