Dereva mwenye sukari asifanywe mwizi wa kujificha

Kila ikitokea ajali kubwa nyumbani Tanzania, hakosekani mtu wa kusema madereva wenye sukari na presha waondolewe barabarani. Mimi naisoma hoja hiyo nikiwa Ohio, ninakoendesha semi, lori la kuvuta trela, na sukari ninayo. Kabla ya kuja huku niliendesha njia ya Dar–Tunduma. Kwa hiyo ndiyo, najitetea. Lakini hoja yenyewe ina shida kubwa kuliko mimi: Marekani waliijaribu kwa wanaochoma insulini, wakaja kuiacha.

Kwa miaka mingi huku, dereva wa magari ya biashara yanayovuka majimbo akianza sindano za insulini, kazi imekwisha. Haikujalisha sukari yake imetulia au la. Baadaye ukawekwa utaratibu wa kuomba msamaha maalumu, ukasubiri serikali ikujibu. Madereva wa zamani watakusimulia matokeo yake: daktari anamwambia mtu vidonge havitoshi tena, aanze sindano, naye anakataa kwa sababu ana nyumba ya kulipia. Anaendelea kuendesha huku sukari iko juu, macho yanaanza kuona ukungu, miguu imekufa ganzi kwenye pedali. Sheria iliyowekwa kwa usalama ilikuwa inamsukuma mgonjwa akwepe dawa.

Novemba 2018 kanuni mpya ikaanza kutumika. Anayetumia insulini sasa anakwenda kwanza kwa daktari wake mwenyewe, yule anayemtibu na kumjua. Anampelekea kumbukumbu za vipimo vya angalau miezi 3 kutoka kwenye mashine inayohifadhi namba zenyewe. Daftari la kujiandikia kwa kalamu halitoshi. Daktari akiridhika anajaza fomu, na ndani ya siku 45 dereva anaipeleka kwa mkaguzi wa afya aliyesajiliwa kupima madereva. Akipita, anapewa cheti kisichozidi mwaka 1. Sukari ikimshuka vibaya, yaani akazimia, akapata degedege au akahitaji kusaidiwa na mtu, anaacha usukani mpaka daktari wake athibitishe kwamba chanzo kimepatikana na hali imetulia. Mishipa ya nyuma ya jicho ikiwa imeharibika kwa kiwango kikubwa, hapo hakuna mjadala, anaondoka moja kwa moja. Uingereza nao waliwafungulia mlango madereva wa malori na mabasi wanaotumia insulini mwaka 2011, kwa masharti ya kujipima kabla ya kuondoka na tena kila baada ya saa 2 wakiwa njiani.

Sisi wa vidonge hatuna fomu hiyo. Mkaguzi anapima presha, macho, mkojo, anauliza maswali, halafu anaamua. Asiye na tatizo hupewa cheti cha miaka 2, mimi hupewa cha mwaka 1. Inakera kidogo, na mara nyingi ada ya kipimo inatoka mfukoni mwako. Tena msidhani huku ni peponi. Ukiwa na lori lako mwenyewe, bima ya afya unaitafuta mwenyewe, na bei yake inaweza kukupandisha presha ambayo hukuja nayo. Chakula cha vituo vya malori ndiyo usiseme: glasi ndogo ya soda huku, nyumbani ingeitwa jagi.

Lakini nikiulizwa kama nina sukari, ninajibu ninayo. Tofauti kubwa niliyoiona ni hiyo.

Nyumbani nilijua madereva waliokuwa nayo na tajiri, mwenye gari, hakujua. Utamwambiaje? Posho inakuja kwa safari. Gari likikabidhiwa mwingine, mwezi huo unakula nini? Karatasi ya daktari niliyotakiwa kumpelekea tajiri mmoja iligongwa muhuri bila mtu kunigusa hata mkono. Basi wenzangu walikuwa wakimeza vidonge kwa siri Mikumi, wakisingizia kuchimba dawa kila wakihitaji kusimama, na tandiboi, msaidizi wa dereva, akiwacheka kwamba kibofu ni cha mtoto. Aliyekuwa na insulini ndiye aliyeteseka zaidi. Foleni ya mpakani inaweza kula siku kadhaa, kabini ni tanuri, na dawa ile haitaki joto. Halafu ratiba ya chakula hakuna. Umechoma sindano ukitegemea kula Makambako, mizani imekukwamisha, sukari inashuka, jasho jembamba linaanza kutoka na mikono inatetemeka. Huo ndio wakati wa hatari, na anayejificha hawezi hata kumwambia aliye pembeni yake ampe soda.

Sasa mkileta kampeni ya kuwapima sukari madereva stendi, kama tunavyowapulizisha kipimo cha ulevi, bila kusema atakayekutwa nayo atafanywa nini, mtawafundisha kukwepa stendi. Pombe ni ya jana usiku, mtu anaweza kuacha. Sukari anaamka nayo kila siku.

Ninachokitaka LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, polisi wa usalama barabarani na wizara ya afya wakae wakiandike ni hiki: daktari anayemtibu dereva ndiye aanze kusema, vipimo vya miezi kadhaa vionekane, cheti kiwe cha mwaka, na anayesimamishwa kwa matibabu ajue gari lake linamsubiri. Stripu za kupimia zilipiwe na bima, maana ukidai rekodi kwa mtu asiyeweza kununua stripu unamdai uongo. Waanze na mabasi ya masafa marefu ambako dereva wa pili yumo ndani ya gari: mmoja akijisikia vibaya anakaa pembeni, mwenzake anashika usukani. Kwenye malori kazi ni ngumu zaidi, na huko lazima matajiri waitwe mezani, kwa sababu pembeni ya dereva kuna tandiboi tu, na tandiboi hana leseni.