Nani Sukari Wako?

Yaani una mvi hadi kidevuni, halafu kabinti ka juzi kanakohudumu mgahawani, kalamu sikioni, kanakuita "sugar". Mbele za watu. Hata kiti hujavuta.

Ndiyo Alabama hiyo, kusini mwa Marekani. Ukiagiza chakula wewe ni "honey", ukiomba chumvi "darlin'", bili ikija "baby". Usivimbe kichwa: dereva wa lori meza ya pili naye ni "baby". Mama nyanya wa Kariakoo akikuita mpenzi, unajua kuna fungu limedoda. Huyu anasubiri bakshishi, asilimia 15 hadi 20.

Mgahawa wenyewe ni ule wa "meat and three": nyama moja, mboga tatu. Sukuma wiki ipo, ila mara nyingi imechemshiwa mfupa wa nguruwe. Kama huli, uliza mapema. Mboga ya pili maharage. Ya tatu makaroni ya jibini. Makaroni! Imeandikwa kabisa upande wa mboga. Jaribu kubisha uambiwe "bless your heart".

Hapo usishukuru kwanza. Kwa maneno ni Mungu aubariki moyo wako. Kwa maana, sikiliza kinachofuata. Kikifuata chakula kwenye bakuli, umefiwa na wanakupa pole ya kweli. Kikifuata kimya na kichwa kimeinamishwa upande, umeitwa mjinga, tena kwa adabu zote. Ni "maskini weee" ya mwambao, bila kanga tu.

Haya, chai. Ukisema "tea" tu, inakuja na barafu. Majani yamelowekwa kwenye maji ya moto, sukari kikombe kizima kwa galoni, karibu lita nne hivi, wengine viwili. Hukorogwa ikingali moto, maana ikishapoa sukari haiyeyuki vizuri, inatuama chini. Unataka ya moto? Sema "hot tea", uletewe maji vuguvugu, kipakiti pembeni, na yale macho ya "bless your heart".

Soda nazo: wengi huziita zote "Coke", kisha wanakuuliza Coke gani. Coke yenyewe ilianzia Atlanta, jimbo jirani la Georgia, mwaka 1886, sasa hata soda ya machungwa ni Coke!

Fundi bomba akisema "I'm fixin' to come", hajatengeneza kitu. Anakaribia kuja, kama bodaboda wetu wa "nipo hapa kona". Akiongeza "directly", eti sasa hivi, wewe kapike, utangoja. Kitoroli cha dukani ni "buggy". Kitufe cha lifti hawabonyezi, "wanakiponda". Na bibi kizee wa kanisani akikuambia "give me some sugar", usikimbilie jikoni kutafuta bakuli. Anataka busu la shavuni.

Sasa yule binti wa mgahawani, sukari yake ni ipi? Na ukitoka peke yako, mkono mfukoni, anakuaga "y'all come back". Ninyi! Ninyi nani, na makaroni yenyewe yalikuwa ya mtu mmoja, tena hayakushibisha?