Mtego wa marigoldi na ndoo ya mzee

Jamani kuna mtu huko aliyetangaza kwamba ukipanda maua ya marigoldi kwenye bustani ya mboga basi wadudu wote wanafungasha virago, na huyo mtu mi namtafuta. Bi mkubwa akishaamini kitu ndo basi tena. Na si kwamba ni uongo mtupu, mizizi ya marigoldi kweli inatoa kemikali inayowabana minyoo fundo, wale wasioonekana kwa macho wanaoijaza mizizi ya nyanya vinundu, ila hata hapo unatakiwa ujaze eneo zima na zikae msimu mzima ndo uje kupanda nyanya, sio kuchomeka moja hapa moja pale kama vifungo vya shati. Hayo niliyasema tukiwa tunakula, nikaambiwa nisilete ujuaji.

Basi zikapandwa, zikashika, zikaanza kuchanua rangi ya chungwa, na ile harufu yake ukigusa majani mkono unanuka mpaka unakoga. Mgeni akija anapelekwa bustanini kwanza hata hajakalishwa.

Mvua ilipoanza tukaamka asubuhi tukakuta vijiti. Maua hakuna, majani hakuna, udongoni kuna michirizi ya ute inang'aa kila upande, na pale kwenye kikonyo cha mwisho kuna konokono kalala, kashiba. Nyanya zilizo hapo pembeni jani hata moja halijaguswa! Konokono na koa wanaipenda marigoldi changa hatari, hiyo harufu ya kufukuza wadudu wao wala haiwazuii kula.

Bi mkubwa kanuna, ila mzee ndo kwanza kafurahi. Eti, "Si umeona? Wanakula maua wanaacha nyanya. Huo ni mtego." Kuanzia hapo mzee akawa askari wa doria, usiku yupo bustanini na tochi mdomoni, ndoo mkononi, anaokota mmoja mmoja huku anahesabu kwa sauti na kuandika idadi kwenye kalenda. Bi mkubwa akasema wamwagiwe chumvi yaishe, mzee akagoma, chumvi itaharibu udongo, yeye atawapeleka mbali kukikucha. Ndoo ikaingizwa ndani koridoni ili mbwa asije akaipiga teke, juu kifuniko na jiwe.

Sasa dogo kaamka usiku kwenda chooni, akaona ngoja awachungulie kidogo, halafu kifuniko akakirudisha nusu, na jiwe akaliweka chini vizuri kabisa kama mtu mstaarabu.

Mi nilishtuliwa na mzee anavaa kiatu cha kazini. Ile "kruch" mpaka leo naisikia. Bi mkubwa anatoka kuuliza kuna nini, anashika kitasa, kitasa kinateleza, anaangalia mkono wake, weee! Ukelele alioupiga hata mbwa alikimbia. Kuwasha taa, ukuta mzima una michirizi, wengine wameshafika darini, mmoja yuko juu ya picha ya harusi yao, kamkalia mzee usoni, anatoa vipembe taratibu anaangalia huku na huku. Hao viumbe tunaambiwa ni wazito kutembea, sijui walipanda basi.

Tukaanza msako, mi juu ya kiti, dogo chini ya makochi analia na kucheka kwa pamoja, mzee na kiatu kimoja mguuni yuko kwenye kalenda anapiga hesabu. Haikutimia. Wawili hawajulikani walipo mpaka naandika hapa, na bi mkubwa sasa hivi havai kitu bila kukikung'uta.

Jana mzee katangaza anataka mbegu nyingine za marigoldi maana mtego umefanya kazi. Bi mkubwa akamuuliza, "Umemnasa nani?"